Neno Ambalo Hakuna Aliyeliona

Mavi ya panya. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokimulika Inspekta Åshild Kvåle aliporudi ndani ya ghala la shamba la Nordbø asubuhi ya Ijumaa, na kwa kuwa alikuwa akitafuta ubao wenye damu, wala hakuyajali. Akayaruka, akaenda zake mpaka nyuma kabisa, kwenye mapipa ya unga na mapaja ya kondoo yaliyokaushwa.

Huo ubao ulikuwa umewatoa polisi jasho. Torgeir, mwenye shamba, profesa mstaafu wa lugha za kale, alikutwa jioni ya Jumanne amelala chali nje ya mlango wa ghala lake, kichwa kimeegemea jiwe la kupandia. Daktari aliyeupasua mwili alikuta majeraha mawili. La kisogoni lilitokana na jiwe, halina ubishi. La pili lilikuwa kwenye paji la uso, mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, na ndani ya ngozi mlikuwa na vibanzi vya msonobari. Basi polisi wakajumlisha: mtu alimtandika mzee ubao wa uso, mzee akaanguka kinyumenyume, akafa. Tangu hapo walikuwa wameokota kila ukuni, kila mpini, kila fito pale shambani. Damu hawakuiona, na mkuu wake Åshild alishasema anataka jina la mtu kabla ya Jumatatu.

Jina lenyewe bonde zima lilikuwa nalo tayari. Dukani walilisema, kanisani walilisema.

"Bado hujaupata?" Mwenye jina hilo alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi, buti zimejaa matope ya zizini. Gyda alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono mipana, macho mekundu ya mtu ambaye halali. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na marehemu, wawili tu, na ng'ombe, na mbwa.

"Bado," Åshild alisema. "Hebu niambie. Hili paja la mwisho, lililofunikwa kitambaa. Mbona halijaguswa?"

"Hilo haliguswi. Hilo ni la mwenye shamba. Linakatwa mtoto akibatizwa, mtu akioa, au shamba likibadili mikono. Na analikata mwenyewe, hapohapo linaponing'inia. Mimi hata kulipangusa vumbi naogopa."

"Na hapa anabatizwa nani?"

"Labda ndama." Akacheka. Kisha akakumbuka kuwa kuna msiba, akaona haya, akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Torgeir alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, Gyda. Kiunoni ana kisu cha mpini wa fedha. Mezani katandika kitambaa cheupe, sahani mbili."

"Nimekwishasema, sijui. Nilidhani ana mgeni. Mimi nilikuwa nakamua, nikasikia mbwa analia, nikatoka." Akaibadilisha ndoo mkono. "Torgeir hakuwa mtu wa kusema mambo. Alikuwa anasoma."

Hakumwita baba. Aliletwa Nordbø akiwa na miaka sita, baada ya gari la wazazi wake kuteleza likaingia ziwani, akalelewa hapo na hapo akabaki; lakini alimwita Torgeir, kama walivyomwita mtu wa posta na jirani. Sigrun, mtoto wa kuzaa, ndiye aliyesema Baba.

Åshild alitoka nje. Alikuwa mwanamke mfupi, mfupi kweli, hata kofia ya polisi ilimpwaya, lakini mguu wake ulitua kwenye jiwe bila taabu yoyote. Nalo hilo hakulijali. Baadaye alijilaumu sana.

*

Åshild alimkuta Profesa Halvdan kwenye chumba cha kusomea cha marehemu. Alikuwa amepanda treni kutoka Oslo kuja mazikoni, na kwa kuwa mazishi yalikuwa yamezuiwa mpaka polisi waseme, alijifungia humo ndani akila maandazi yenye jibini ya kahawia na kuwakaripia waliofungua mlango. Mzee mrefu, mgongo umeanza kupinda, nyusi kama vichaka. Åshild alikuwa ameambiwa kwamba katika dunia nzima hakuna aliyemtukana Torgeir kwa maandishi zaidi ya huyu.

"Ni kweli ulimwita marehemu mkulima anayelima makaburi?"

"Nilimwita. Yeye aliniita mbuzi aliyekula kamusi. Mbele ya wanafunzi wangu! Unataka na mengine?"

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Neno."

"Neno gani?"

Halvdan akachukua chaki. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi wa shule, Torgeir alikuwa hawezi kufikiri bila ubao. Akaandika *ōþalą, akarudi nyuma hatua moja akalitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

"Hiyo nyota ya nini?" Åshild aliuliza.

"Nyota ni kukiri. Maana yake: hili neno hakuna aliyeliona. Waliokuwa wakilisema hawakuandika, na wamekufa zamani sana, na lugha yao ilikufa kwa kuzaa. Ikazaa Kinorwe, Kijerumani, Kiingereza, wote hao. Sisi tumelijenga upya neno hili kwa kuwatazama watoto wake. Wewe si polisi? Si ndivyo unavyomjua mwizi ambaye hukumwona?"

"Mimi huwa nahitaji ushahidi."

"Na mimi nahitaji nini, maandazi?" Akachora mistari chini ya lile neno, kama mizizi. "Haya. Hapa kwetu tuna odel, haki ya shamba la ukoo. Hilo unalijua, maana nusu ya kesi za bonde hili ni hilo. Aislandi, óðal. Visiwa vya Shetland, ambako babu zetu walikwenda kujitafutia makazi, udal. Waingereza wa kale walisema ēþel, nchi ya mtu, kwao. Wajerumani wa kale, uodal, ambalo siku hizi limejificha ndani ya jina la Ulrich, na akina Ulrich wenyewe hawana habari. Wagoti walilifunga pamoja na neno la nyumbani: haimoþli, ardhi ya nyumbani. Hata katika zile herufi za kuchonga kwenye mawe, kuna moja iliitwa hivyo."

"Na yeye Torgeir alikataa lipi kati ya hayo?"

"Hata moja! Watoto tulikubaliana. Tuligombania mama. Limetoka wapi?" Akachora mshale kwenda juu, ukaishia hewani. "Neno hili lina ndugu, hilo la ukoo bora, ambalo Wajerumani wamelifanya Adel, mabwana wakubwa. Torgeir alishikilia kuwa wote wawili wametoka kwenye neno la kale la baba. Kwa hiyo odel ni ardhi ya damu ya baba, basi, na asiye damu hana chake. Mimi nikasema: mama huyu hatumjui. Tunachokijua ni watoto, na watoto wengi wanasema kwao tu. Mahali unapoishi, unapolima, unapozikwa. Damu wameitia mkazo wanasheria."

"Mtu hauawi kwa hilo, Profesa."

"Hauawi." Akaiweka chaki. "Lakini kuna mtoto alinyimwa baba kwa hilo."

Åshild akavuta kiti, akakaa.

"Mke wa Torgeir alitaka wamwasili Gyda," Halvdan alisema. "Kisheria kabisa. Alimlilia miaka. Torgeir akakataa. Alimpenda yule mtoto, usinielewe vibaya, alimbeba mgongoni huku anafundisha. Lakini ukimwasili mtoto, anapata odel. Na odel kwa kitabu chake ilikuwa damu. Angewezaje kusema darasani hivi, halafu nyumbani afanye vile? Mjinga mkubwa. Mtu mwaminifu kupita kiasi ni mjinga." Macho yalimjaa maji na hakuyaficha. "Jumanne mchana akanipigia simu. Nilikuwa sijazungumza naye tangu masika. Akaniambia, Halvdan, mbuzi wee, ulikuwa sahihi. Lile la Wagoti limenishinda. Watu walilifunga pamoja na nyumbani, wala hawakulifunga na baba. Nimekosea, na nimekosea nje ya vitabu pia. Kisha akasema, nimeongea na Sigrun, leo nakata paja."

"Kwamba ameongea na Sigrun? Una hakika alisema hivyo?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Mmekuwa mkiniuliza Jumanne nilikuwa wapi. Nilikuwa kwa kinyozi!" Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akaonekana mzee ghafla. "Unajua nilimjibu nini? Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja aseme ulikuwa sahihi. Aliposema, nikamjibu: nilikwambia. Nikakata simu nimefurahi. Hilo ndilo neno la mwisho nililompa rafiki yangu."

*

Sigrun alikuwa sebuleni, amesimama dirishani na kikombe cha kahawa, akiitazama nyumba kwa namna wanavyoitazama watu wanaopanga kubomoa ukuta. Daktari wa meno wa Oslo, nadhifu, sauti ya chini. Yeye ndiye aliyewaambia polisi siku ya kwanza kwamba Gyda na Baba walikuwa "hawaelewani siku hizi", na neno hilo lilikuwa limeshashuka mpaka dukani na kurudi.

"Mara ya mwisho kuongea na baba yako ilikuwa lini?"

"Nilishajibu. Siku yake ya kuzaliwa, Agosti."

"Hakukupigia Jumanne?"

"Hapana."

"Nikiwauliza kampuni ya simu, nao watasema hapana?"

Kikombe kilirudi kwenye kisahani kwa kishindo kidogo. Nje, trekta ya Gyda ilinguruma, ikazima.

"Baba yako alitaka umwachie Gyda shamba," Åshild alisema. "Wewe ndiye mwenye odel. Hata angeandika wosia mrefu kama Biblia, ungeweza kuja na kulidai. Bila wewe kuachia haki yako, hana la kumpa. Ndivyo?"

"Sheria ndivyo ilivyo. Sikuitunga mimi."

"Alikuomba?"

"Wakati baba yangu anakufa nilikuwa kliniki, mikono yangu imo mdomoni mwa mtu. Mmeshamhoji huyo mtu."

"Tumemhoji. Anakusifu. Ndiyo maana nashangaa unachonificha ni nini, maana mauaji si yako."

"Nitajibu mbele ya wakili," Sigrun alisema.

Åshild akaondoka akiwa na hasira, zaidi kwake mwenyewe. Alikuwa na binti mwenye sababu na asiyekuwapo; alikuwa na binti wa kulea aliyekuwapo na asiye na sababu. Kama Gyda hakujua kuwa paja linakatwa kwa ajili yake, asingekuwa na haja ya kumzuia mzee. Na kama alijua, ndiyo kabisa, angemshikia kinara cha mshumaa!

*

Alikwenda kulifunga ghala ili arudi mjini. Saa tisa alasiri, na jua la Novemba lilikuwa limeshaanza kuondoka. Akiwa hatua chache, panya mmoja mdogo, mnene, akatoka chini ya nyasi, akapanda juu ya jiwe la kupandia, akaruka, akapotea chini ya mlango.

Åshild akasimama palepale.

Bibi yake alikuwa na ghala kama hili. Kila shamba la bonde hili lilikuwa nalo: nyumba ya magogo juu ya nguzo, na jiwe la kupandia lililokaa mbali na mlango, makusudi, ili katikati kuwe na mwanya ambao panya hawezi kuuruka. Utotoni alikuwa akiinuliwa kwa makwapa kuvushwa mwanya ule. Hata alipokuwa mtu mzima alilazimika kuchanua miguu na kushika mwimo. Ghala la bibi halikujua panya. Na hapa Nordbø, yeye na miguu yake mifupi, alikuwa akiingia na kutoka siku nne nzima kama anayeingia benki.

Akapiga magoti. Kati ya jiwe na kizingiti palitosha kiganja tu. Nyuma ya jiwe, upande wa uwanja, kokoto mpya zilikuwa zimemwagwa na kusawazishwa vizuri, kazi safi; lakini kando yake palikuwa na alama za gurudumu pana la trekta, zimeganda na baridi.

"Profesa!" akaita kwa sauti iliyomshtua mbwa. "Halvdan! Njoo hapa!"

Mzee akaja na makombo kwenye sweta.

"Wewe na Torgeir mlikuwa kimo kimoja?"

"Alinizidi nywele tu."

"Umewahi kuingia ghala hili?"

"Kila kiangazi, nilipokuwa kijana. Tulikuwa tunakuja kuiba nyama."

Åshild akaingia, akaviringisha pipa tupu mpaka mlangoni, akapanda juu yake. "Panda. Usiangalie chini. Panda kama ulivyokuwa unapanda, unaongea na mimi."

"Niongee nini?"

"Nitukane."

"Wewe ni polisi mwenye kofia ya kaka yake," Halvdan alisema, akakanyaga jiwe, akautupa mguu mbele hatua ndefu ya kuvuka mwanya. Mwili wote ukaenda nao. Åshild, aliyekuwa amesimama ndani juu ya pipa, alikuwa ameuweka mkono wake kwenye boriti ya juu ya mlango, na paji la uso la profesa likaja likagonga kiganja chake kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

Walitazamana.

"Zamani nilikuwa nainama," mzee alisema, akijishika kichwa kisichoumia. "Mguu ukifika, ndiyo unainama. Hufikirii. Mlango umekuja mapema."

"Mlango haujaja. Ni jiwe lililosogea."

Akawasha tochi, akaimulika boriti. Walikuwa wamepekua kila kilicholala chini; hakuna aliyeinua shingo, maana kila aliyepita mlango ule alipita ameinama. Kwenye ukingo wa chini wa boriti, msonobari uliokuwa mweusi kwa moshi wa karne nzima, palikuwa na alama iliyokauka na unywele mmoja mweupe. Ubao ulikuwa hapo wakati wote, umeshikwa na misumari ya babu wa marehemu.

Halvdan akaelewa. Akakaa juu ya jiwe, kisha akainuka haraka, kama limemchoma. "Lakini si angeona? Yeye anaishi hapa."

"Hakuwa akija humu. Gyda ndiye anayetoa unga, Gyda ndiye anayeleta nyama. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichopaswa kuja kukikata mwenyewe. Na alikuja gizani, amefurahi."

"Nani amelisogeza?"

Åshild akageuka kuitazama nyumba. Taa ya jikoni ilikuwa imewashwa.

*

Gyda alikuwa anamenya viazi. Alikuwa amekwishaweka kahawa, vikombe vitatu, na kimoja akamsukumia Åshild bila kuuliza. Sigrun akaja akasimama kwenye mlango wa sebule, mikono imekunjwa. Labda alidhani Åshild amekuja kumkamata.

Njiani kutoka ghalani Åshild alikuwa ametafuta namna ya kulikwepa swali la jiwe. Angeweza kuandika ajali, akaondoka. Lakini bonde lingeendelea kumnong'ona huyu mwanamke mpaka kufa kwake, na yeye mwenyewe iko siku angeligonga jiwe lile kwa buti akang'amua. Afadhali asikie kwa mtu aliyekaa naye mezani.

"Gyda. Lile jiwe la ghala ulilisogeza lini?"

"Jiwe?" Kisu kikaendelea kuzunguka kiazi. "Si muda. Baada ya kuwaingiza ng'ombe ndani kwa ajili ya baridi. Magoti ya Torgeir yalikuwa yamekwisha, daktari alimwambia asipandepande, na yeye, ukimwambia usipande anapanda. Nilikuwa nikifikiria siku akitaka kwenda mwenyewe natetemeka. Nikasema nilivute karibu, asinyooshe mguu. Nikafukia na kokoto vizuri, asijikwae."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia wapi? Angekataa. Angenihutubia kwamba jiwe limekaa pale tangu enzi za..."

Kisu kikasimama. Aliyatazama mikononi mwake yale maganda, kisha akamtazama Åshild, kisha Halvdan aliyekuwa amebaki karibu na mlango bila kuvua koti.

"Hapana," alisema.

"Alipiga hatua ya zamani. Akagonga kichwa juu ya mlango. Ni ajali, Gyda. Hakuna aliyemuua."

"Mimi."

"Hapana."

"Mimi, na trekta. Nikafurahi jioni ile, nikasema kazi nzuri." Hakulia. Alikiweka kisu chini polepole sana, akakisogeza mbali naye. "Nitaondoka. Sigrun, nipe mpaka Krismasi, nitafute mtu wa kuwachukua ng'ombe. Nitaondoka. Siwezi hata kuuangalia ule mlango."

Kila mmoja aligeuka kumwangalia Sigrun, hata Halvdan. Alikuwa amekwishakuwa huru. Hakuna kesi, hakuna mshukiwa, na mwenye kuweza kumpinga alikuwa amejiondoa mwenyewe. Alichopaswa kufanya ni kunyamaza tu, na Nordbø ni yake, na sheria nzima iko nyuma yake.

"Alinipigia," Sigrun alisema.

Akaikunjua mikono, akaingia jikoni. "Jumanne. Nilikuwa nakula chakula cha mchana. Alisema amekosea kuhusu neno lake, na mimi nikafikiri, Mungu wangu, hili neno tena, maana utoto wangu wote tulikula nalo mezani. Kisha akasema anataka Gyda apate shamba, na hawezi bila mimi. Akaniomba, Åshild. Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu. Nikasema ndiyo. Nikamwambia hata sihitaji kufikiri, mimi ng'ombe siwajui, mwambie Gyda leoleo." Akajifuta uso kwa viganja viwili. "Halafu akafa. Nikaja hapa, nikaingia chumbani kwangu, dirisha lilelile, mlima uleule. Nikasema moyoni, hakuna aliyesikia. Hakuna karatasi. Nikawaacha watu waseme walivyosema juu yako, Gyda. Nikawasaidia kusema."

Gyda alikuwa akimtazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

"Nitaachia," Sigrun alisema. "Jumatatu, kwa mwanasheria, mbele ya Åshild akitaka. Usiondoke. Sitaki uondoke."

"Ngoja," Gyda alisema. "Kile kitambaa cheupe."

"Ni chako," Åshild alisema. "Zile sahani mbili, moja ilikuwa yake, moja yako."

"Na koti la sikukuu."

"Kwa ajili yako, mtoto," Halvdan alisema mlangoni. "Alikuwa anakwenda kukukatia paja. Aliniambia mwenyewe, alikuwa analia na kucheka."

Sufuria ya maji ilianza kuchemka juu ya jiko, na hakuna aliyeinuka kuishusha. Gyda aliposema, hakuwa na hasira na mtu yeyote. Ilikuwa sauti ya mtu anayejaribu kuelewa hesabu rahisi inayokataa kutoka.

"Amekupigia wewe, Oslo," alimwambia Sigrun. Akamgeukia Halvdan. "Na wewe amekupigia, Oslo. Mimi nilikuwa zizini." Akanyoosha mkono dirishani, kuelekea ng'ambo ya uwanja, ambako ng'ombe walikuwa wameanza kulia kwa kuchelewa kukamuliwa. "Hapo. Mlango ulikuwa wazi. Angeniita tu."